Nani Kasema Afrika Haina Bandari?

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa jiografia alipotusomea nukuu hizo, sisi tukaandika. Zilikuwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kwenye sekondari zetu, na sentensi ninayoikumbuka ilikuwa fupi: pwani ya Afrika imenyooka, haina ghuba nyingi, kwa hiyo bara lina bandari asilia chache. Nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, maana mwalimu alisema swali hilo hupenda kutoka. Likatoka kweli. Nikapata alama zote mbili.

Nilizaliwa Kiswere. Kwa asiyepajua, ni kijiji cha pwani kati ya Kilwa Masoko na Lindi, na nyuma ya nyumba ya babu yangu bahari imeingia nchi kavu kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akapitiliza mpaka uani. Maji yanapita katikati ya rasi mbili, yanapanuka, halafu yanajigawa kwenye hori zenye mikoko ambako nimeokota kaa na kupoteza ndara zaidi ya jozi moja. Kusi ikivuma nje, vyombo hulala humo. Kwenye ramani za bahari za Waingereza mahali hapo paliandikwa Kiswere Haven, na haven ni neno lao la zamani la bandari yenye utulivu. Kwa hiyo mabaharia wao walijua. Babu yangu alijua. Asiyejua nilikuwa mimi, na alama zangu mbili.

Linaloniuma ni kwamba sikuona mgongano wowote. Nilikuwa na vitu viwili kichwani, maji ya nyuma ya nyumba na sentensi ya daftarini, na havikuwahi kukutana. Cha kwanza kiliitwa kwetu. Cha pili kiliitwa jiografia.

Wiki chache baadaye tulifika kwenye maumbo ya pwani, na mwalimu akaandika ubaoni neno ria. Darasa zima likacheka. Sisi watoto wa madrasa tulijua ria ni nini: ni kuswali ili watu wakuone unaswali. Mwalimu akaeleza kwa subira kwamba hii ni ria nyingine, neno lililotoka Galicia, Hispania, na maana yake ni bonde la mto lililozamishwa na bahari. Mifano tuliyoandika ilikuwa ya Hispania na Ireland. Dirisha la darasa lilikuwa wazi, na upepo uliokuwa unatuletea harufu ya tope la mikoko ulitoka kwenye ria.

Ningeweza kuyasahau haya yote kama si semina moja ya mwaka wangu wa kwanza wa uzamili. Mada ilikuwa maendeleo na mazingira. Mwasilishaji alianza na kitabu cha Tim Marshall, Prisoners of Geography, cha 2015, ambacho wengi wenu mmekisoma au mmeona kikitembea kwenye simu kama PDF. Sura yake ya Afrika inasema, kwa ufupi, kwamba bara hili lina fukwe nzuri sana na bandari mbovu sana, na mito ya kupendeza ambayo haifai kusafirisha kitu kwa sababu kila baada ya mwendo mfupi inaanguka kwenye maporomoko. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaongeza kwamba hata hapa nchini, angalia mikoa ya kusini, jiografia imewafunga. Mwendesha semina akasema hoja nzuri, tuendelee.

Nilinyamaza. Nimezaliwa kusini, nimekaa viti vitatu kutoka kwa msemaji, nikanyamaza. Makala hii ni jibu la siku ile, limechelewa miezi kumi na moja.

Nianze na nisichobishania. Afrika kweli ni bara la miinuko. Sehemu kubwa ya Tanzania ni uwanda wa juu, mita elfu moja na zaidi, na mito ikitoka huko kwenda baharini lazima ishuke, na inaposhuka ina miamba na maporomoko. Kongo inakata kwa fujo kabla ya kufika Atlantiki. Zambezi ilimkatisha tamaa Livingstone pale Cahora Bassa mwaka 1858, baada ya kuwaambia Waingereza kwamba ule ni mto wa kupitisha biashara. Na ni kweli pia kwamba ukigawa urefu wa pwani yetu, kama kilomita 30,000, kwa eneo la bara la kilomita za mraba milioni 30, unapata uwiano mdogo kuliko wa Ulaya. Hesabu hiyo ni sahihi. Ugomvi wangu ni na kinachobebeshwa juu yake.

Kwa sababu hesabu hiyo haikuanzia kwa Marshall, wala kwa mwalimu wangu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Carl Ritter, mwanajiografia aliyefundisha Berlin, aliyalinganisha mabara na miili. Ulaya aliiona ina viungo vingi: Italia, Ugiriki, Skandinavia, Hispania, vyote vimechomoza baharini. Afrika aliiona ni kiwiliwili bila viungo. Katika mji huohuo na miaka hiyohiyo, Hegel aliwahutubia wanafunzi wake kwamba Afrika hasa imejifungia, na akaanza maelezo yake na milima na ukanda mwembamba wa pwani kabla ya kufika kwenye hukumu kwamba bara hili halina historia. Fuata mpangilio huo: kwanza ardhi, kisha watu. Ukikubali la kwanza, la pili linaingia bila kubisha hodi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Kilwa.

Miaka mia mbili baadaye kiwiliwili kile kilikuwa kwenye daftari langu la Kidato cha Pili, kimepigiwa mstari mwekundu na msichana wa Kiswere.

Sasa tuitazame pwani yenyewe. Kama miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imeshika maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa takriban mita 120. Mito yetu haikuishia inapoishia sasa. Iliendelea, ikachimba mabonde kushukia bahari iliyokuwa mbali na chini. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, ikaingia kwenye mabonde yale kama inavyoingia kwenye nyayo za mtu aliyetembea ufukweni. Mito mingine iliyochimba leo ni vijito tu, mingine inatiririka masika peke yake, lakini mabonde yao yamebaki yamejaa maji ya chumvi. Matumbawe yakajenga kando, mikoko ikashika tope: mchu, mkoko, msinzi, mkandaa, mlilana. Ndivyo ilivyotengenezwa Kiswere, na ndivyo zilivyotengenezwa dada zake.

Na dada zake si wachache. Mombasa kuna Kilindini, na jina lenyewe linakwambia kina cha maji kabla hujafungua ramani. Dar es Salaam, ambako Sultani Majid wa Zanzibar aliona faida ya maji yaliyojificha nyuma ya mlango mwembamba. Kilwa, Kiswere, Mchinga, Lindi, Sudi, Mikindani, Mtwara. Kuanzia Kilwa kushuka hadi mpaka wa Msumbiji huwezi kusafiri siku nzima kwa mashua bila kupishana na mahali pa kulala. Muulize nahodha yeyote wa pwani hii atakutajia milango, mafungu, vilindi na mikondo kwa majina, usiku, bila taa. Lugha isiyokuwa na bandari isingehitaji maneno yote haya.

Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa mita 115, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza walikuwa na jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani na iliwachukua mpaka tarehe 11 Julai 1915 kuimaliza, tena baada ya kuleta meli mbili maalum zenye uwezo wa kuelea kwenye maji mafupi. Mita mia na kumi na tano za chuma, kwenye mdomo wa mto wa Kiafrika, kwa miezi. Nadhani maofisa wale wangeshangaa kusikia pwani hii imenyooka.

Nisingependa kutumia Kilwa kama kadi ya turufu, maana kila kijana wa pwani akishindwa hoja hukimbilia Kilwa. Lakini haikwepeki. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akakuta mji uliomshangaza kwa uzuri. Dhahabu ya Sofala ilipita kwa masultani wake. Sarafu ya Kilwa imepatikana Great Zimbabwe, kule ndani kabisa ya bara linalodaiwa kujifungia, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sitaki kudai tulikuwa watawala wa dunia. Utajiri ule ulikuwa wa wachache, na karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa soko kubwa la watumwa waliotembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, jambo ambalo bandari nzuri ililirahisisha. Bandari haina maadili. Ila ilikuwapo, ilitumika, na watu wa bara na wa pwani walikutana pale, kwa heri na kwa shari.

Upande wa pili wa hoja ndio unaonichekesha zaidi. Tunaambiwa Ulaya ilijaliwa mito tulivu na bandari. Rotterdam, bandari kubwa kuliko zote Ulaya, inafikiwa kupitia mfereji uliochimbwa na kufunguliwa mwaka 1872, kwa sababu njia za zamani za Rhine kwenda baharini zilikuwa zinajaa mchanga. Amsterdam ilichimbiwa wake, 1876. Manchester haina bahari hata kidogo, ikajichimbia mfereji wa kilomita 58 na kuufungua 1894, meli zikapanda mpaka mjini. Rhine yenyewe ilianza kunyooshwa mwaka 1817, mwinuko kwa mwinuko, kona kwa kona. Danube ina mahali panapoitwa Milango ya Chuma, ambapo miamba ilikuwa inavunja vyombo mpaka ilipolipuliwa na njia kufunguliwa 1896. Hamburg iko kama kilomita mia moja ndani ya mto Elbe na kila mwaka inachimbuliwa tope.

Ukiusoma mto wao baada ya karne mbili za baruti na makoleo, unauita zawadi ya Mungu. Ukiusoma mto wetu kama ulivyo, unauita kizuizi. Hapo ndipo neno ria la madrasa linaponirudia: kuna elimu inayofanywa ili ionekane imefanywa. Ramani, mishale, maneno makubwa, na swali moja dogo halikuulizwa: nani alichimba, na kwa fedha ya nani?

Kusini tuna jibu la swali hilo, na liko ardhini mpaka leo kwa anayejua pa kutazama. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Kwa ajili ya karanga walijenga reli kutoka pwani kwenda Nachingwea, na Mtwara wakajenga bandari ya kina kirefu, kwa sababu ghuba ya Mtwara ilikuwa tayari, inasubiri gati tu. Karanga zikagoma. Mvua haikuja ilivyopangwa, udongo ulikauka ukawa kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli ilibaki ikijivuta na mzigo mdogo, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa.

Babu yangu alikuwa kijana wakati ule na anakumbuka mtu mmoja aliyerudi Kiswere na kipande cha reli, akakifanya kengele. Iligongwa miaka mingi kuita watu kwenye mikutano.

Kwa hiyo kusini palikuwa na ghuba yenye kina, palikuwa na gati, palikuwa na reli. Kisha reli haikuwapo. Katika mfuatano huo, ni kipi kilichofanywa na jiografia? Bahari haikurudi nyuma hata shibiri moja. Watu walikaa kwenye ofisi, wakapiga hesabu, wakaamua kwamba mzigo wa kusini haulipi. Pengine hesabu yao ilikuwa sahihi kwa mwaka ule, sijui ningeamua nini mahali pao. Lakini ulikuwa uamuzi, una tarehe na una saini. Ukisema jiografia imewafunga, unafuta saini.

Hata wakati pasipo na reli, aliyetaka kupitisha kitu alikipitisha. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, upande wa bonde la mto Mbwemkuru, zaidi ya tani 200, na mizigo ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi wa kwetu kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapanda meli. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Berlin ileile ya Ritter. Sikuwahi kusikia mtu yeyote wa makumbusho akilalamika kwamba mzigo ulichelewa kwa sababu Afrika ni kiwiliwili bila viungo.

Nirudi kwenye mito, maana hapa ndipo hasira yangu inapoacha kuwa ya vitabuni.

Shuleni nilikariri mito mirefu. Nile, kilomita 6,650. Kongo, Niger, Zambezi. Niliweza kutaja maporomoko ya Nile kwa mpangilio. Mtu angeniuliza Mbwemkuru unaanzia wapi ningemwambia daraja la barabarani, kwa sababu ndipo nilipouona, kupitia dirisha la basi. Ni mto unaovukwa na kila anayekwenda Lindi kwa barabara. Unakuja kutoka bara na kuingia baharini si mbali na kwetu. Kiangazi unaweza kudhani ni njia ya mchanga. Masika unabeba miti. Wenzake, Matandu na Mavuji, wanafanya vivyo hivyo upande wa Kilwa. Hakuna hata mmoja uliokuwa kwenye mtihani wangu, maana jiografia yetu inapima umuhimu wa mto kwa urefu wake, na kwa kipimo hicho mito ya watu wengi wa nchi hii haipo.

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mito isiyokuwepo ilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika sehemu za Kilwa. Mabasi yalikwama, malori yalikwama, abiria wakalala njiani. Ukitaka kuzunguka, unazungukia Songea, yaani unakwenda karibu na Ziwa Nyasa ili ufike Bahari ya Hindi. Mama yangu mdogo alikuwa kwenye mojawapo ya mabasi hayo, amekwama Somanga, na kwenye mkoba wake alikuwa na dawa za presha za babu za miezi mitatu. Babu alikuwa amebakiza za siku mbili.

Mimi nilikuwa Dar, nimekaa na simu. Siku ya tatu. Siku ya nne. Mama mdogo alikuwa ananitumia picha za maji mekundu yakipita pale barabara ilipokuwa, na mimi nilikuwa naandika pendekezo la utafiti lenye maneno kama ustahimilivu. Babu kwenye simu alikuwa anasema hajambo, kichwa tu kidogo. Kila mwenye mzee wa presha anajua maana ya kichwa tu kidogo.

Siku ya sita, bahari ilipotulia, mama mdogo aliacha kusubiri barabara. Alimpa dawa kijana mmoja wa mashua ya mashine iliyokuwa inashuka Kilwa Masoko. Pale akazikabidhi kwa chombo cha wavuvi kilichokuwa kinarudi kwetu. Dawa zikaingia Kiswere saa kumi alfajiri, maji yakiwa yamejaa, kupitia bandari ambayo mimi nilipata alama mbili kwa kuandika kwamba haipo.

Babu yupo. Naandika hili kwa raha kwa sababu yupo.

Lakini nisikilize vizuri, msomaji: sisemi tujenge bandari kubwa Kiswere. Mungu apishe mbali. Nimeona kinachotokea mikoko ikigeuka kuwa kiwanja. Kilwa Masoko tayari kumeanza kujengwa bandari ya uvuvi, nami naitazama kwa matumaini na kwa jicho moja wazi. Sisemi pia kwamba kila kijito ni Rhine kikisubiri baruti. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho na, nadhani, kigumu zaidi: tuache kufundisha maumbo ya nchi kama orodha ya upungufu. Mtoto wa Kigoma ajue kwamba ziwa lake lina kina cha mita 1,470 na kwamba meli ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa ufukweni pale kabla hajaambiwa kwamba bara lake halipitiki. Mtoto wa Rufiji ajue mto wake una bwawa la megawati 2,115 kwa sababu ya mteremko uleule unaotajwa kwenye nukuu kama tatizo, na ajue pia mafuriko yamefanya nini chini ya bwawa. Mtoto wa Kiswere apelekwe nyuma ya shule, aonyeshwe, aambiwe: hii inaitwa ria, sisi tunaiita hori, na huko nje tunaita mlango.

Maana mwenye kuamini kwamba nchi yake imemfunga hatauliza nani alifunga. Ataondoka tu. Vijana wa pwani hii wameondoka kwa wingi kiasi kwamba, husemwa, jina machinga, linalotumika nchi nzima kwa mchuuzi wa barabarani, limetokana na Wamachinga wa Lindi waliokwenda Dar kutembeza bidhaa. Binamu zangu wawili wako Kariakoo sasa hivi. Ukiwauliza kwa nini waliondoka watakwambia kule kwetu hakuna kitu, na watakwambia hivyo wakiwa wamesoma Kidato cha Nne, wamefaulu jiografia.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji kulikuwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika watu walikaa siku nyingi wakisubiri. Miaka yote ile tuliambiwa tatizo ni mto. Daraja likajengwa. Mto upo palepale.

Pendekezo langu la utafiti lilihusu ghuba ya Kiswere: kina chake, tope linaloletwa na mvua, mikoko iliyobaki. Nilishauriwa kwa upole nibadilishe eneo kwa kuwa pale hakuna takwimu. Nikauliza takwimu zinatoka wapi. Swali halikupendwa. Nikaja nyumbani likizo.

Babu ana bildi, ile kamba ya kupimia kina, yenye risasi ya uzito mwishoni na mafundo kila pima moja. Ilikuwa juu ya dari tangu alipoacha kwenda baharini. Nilipomwambia ninachotaka alicheka mpaka akakohoa. "Mchumba wangu," akasema, ndiyo utani wetu tangu nikiwa mtoto, "wamekupeleka Dar miaka yote hiyo ukajifunze kuja kupima uani kwangu?"

"Ndiyo babu."

"Na hao waliosema hakuna bandari, walikuja na chombo gani?"

Nikamwambia hawakuja na chombo.

Tumetoka mara nne sasa, kwa ngalawa ya jirani, yeye amekaa nyuma na kofia yake, mimi natupa bildi mbele na kusoma mafundo. Nina simu ya kuchukua alama za mahali na daftari la kuandikia. Siku ya kwanza nilichora safu tatu: mahali, saa, kina. Babu alilitazama daftari, akaniambia kina hicho si cha kuandikwa hivyo, bamvua na maji mafu si maji mamoja, mwezi wa ngapi huo? Nikahesabu kwa vidole. Akanisubiri. Kisha nikachora safu ya nne, ya mwezi, nikaanza kupima upya kutoka mlangoni.